Majivu ya Uwanjani

Juzi nilimfokea binti anayenisaidia kazi za nyumbani, na mpaka leo hajanisamehe. Nikiingia jikoni yeye anatoka. Kosa lenyewe dogo tu. Alifungua debe lililoko nyuma ya mlango wa stoo, akachota majivu, akayamwagia maji na kuanza kusugulia sufuria iliyoungua. Mimi nilikuwa sebuleni. Harufu ilinifikia kabla sijasikia hata mlio wa sufuria. Ninyi wenzangu mliokulia kwenye jiko la mafiga mnaijua hiyo harufu ya majivu yaliyoloweshwa, kali kidogo, inakwangua koo. Nilinyanyuka nikapiga kelele ambazo umri wangu hauniruhusu tena kupiga. Binti wa watu akabaki ameduwaa, mikono myeupe mpaka viwikoni.

Debe lile nimelitoa kwa mama, kule Nyamigogo. Lakini nikianza na debe nitakuwa nimeanzia mwisho. Acha nianze na uwanja.

Kijiji chetu kilikuwa cha Ujamaa, cha kuhamishiwa. Watu walishushwa kutoka kwenye migomba yao wakapangwa kando ya barabara, nyumba zimenyooka huku na huku. Baba alikuwa ameshafariki kabla ya kuhama, kwa hiyo tulihama watatu: mama, kaka yangu Revokatus na mimi. Tuliahidiwa zahanati. Tuliahidiwa maji ya bomba. Zahanati na bomba mpaka naondoka pale kwenda kusoma sikuviona, ila uwanja wa mpira tuliupata mapema, hata kabla nyumba nyingine hazijaezekwa. Wala si ajabu. Uwanja ulihitaji mafyekeo na migongo yetu basi, na migongo tulikuwa nayo.

Ukiwauliza watu wa kijiji kile kuhusu mpira wa enzi zile, watakutajia wafungaji. Nani aliwapiga chenga watu wa Rulenge, nani alitoboa wavu wa Kabanga, ingawa sina uhakika kama Kabanga walikuwa na wavu. Mimi wafungaji siwakumbuki vizuri. Nakumbuka waliokuwa nyuma. Nakumbuka wazee waliokata mikaratusi ya magoli, na wanawake waliopanda na ndoo za maji kutoka bondeni ili wachezaji wanywe mapumzikoni. Zaidi ya wote namkumbuka mama, kwa sababu mama ndiye aliyechora mistari.

Chokaa ilikuwa ya watu wa misheni. Sisi tulichorea majivu. Kila Jumamosi asubuhi mama na mimi tulipita nyumba kwa nyumba na debe tukiomba majivu ya jikoni. Wengi walitoa bila neno. Bibi Agata, jirani yetu, ndiye aliyetuchosha, maana kwake majivu hayakutoka bila mahubiri.

"Ugali mnakula wenyewe, majivu mnakuja kuchukua kwangu," angesema, mkono kiunoni. "Huo mpila wenu utanimaliza. Na kesho mtakuja kuniomba nini, moshi?"

Halafu anatujazia debe mpaka juu, tena majivu yake laini ya majani ya migomba, yaliyochekechwa tayari. Mama alikuwa akicheka njia nzima.

Nyumba moja tu hatukuigusa, yenye msiba. Kwetu wafiwa hawazoi majivu jikoni. Yanaachwa yalale pale pale katikati ya mafiga, yanapanda siku hadi siku, mpaka tanga limalizwe na mzee wa ukoo aseme sasa yatolewe. Ukiingia jikoni kwa mtu ukakuta majivu yamefura, huulizi kitu, unakaa chini na kulia. Mtoto aliyekwenda kuomba majivu kwenye nyumba ya namna hiyo alichapwa fimbo na mtu yeyote aliyekuwa karibu. Mimi nilichapwa mara moja na sikurudia.

Uwanjani, mama alivuta kamba ya mkonge kutoka kona hadi kona, akachanganya majivu na maji kidogo ili upepo usiyapeperushe, akayatia kwenye kopo lililotobolewa matundu chini. Kisha akaanza kurudi kinyumenyume, ameinama, kopo likitikiswa mkononi, mstari ukitokea mbele yake. Kaka alishika ncha moja ya kamba, mimi ncha nyingine. Mama hakupenda mtu amsemeshe akichora. Mstari ukipinda alikuwa akisonya na kuufuta kwa mguu.

Akimaliza mistari, alirudi kwenye jezi. Sabuni ilikuwa imeadimika, ninyi mnakumbuka, kipande kikipatikana kinafichwa kama dhahabu. Jezi za timu alizifua kwa maji ya majivu, na jioni viganja vyake vilikuwa vimepasuka, anavipaka samli na kukaa navyo amevifungua mapajani. Hakuna aliyemlipa. Tuliita kujitolea. Enzi zile kila kitu kilikuwa kujitolea, na mwenyekiti wa kijiji alilipenda neno hilo kuliko jina la mkewe. Kujitolea maana yake jina lako limesomwa mkutanoni. Mama lakini hakuna aliyemsoma. Alijitolea kwa sababu kaka alikuwa kwenye timu, basi.

Sasa, kaka alikuwa kwenye timu, lakini alikuwa mchezaji wa akiba.

Tulimwita Revo, na nusu ya kijiji walimwita Levo. Alikuwa mrefu, mpole, ana mguu wa kushoto ambao hata waliomcheka waliukubali. Tatizo, kila Mwalimu Balthazari, aliyekuwa mwalimu wetu shuleni na ndiye mwalimu wa timu, alipokuwa akipanga kikosi, Revo alikuwa bado upande wa pili wa uwanja ameshika kamba ya mama. Kikosi kinasomwa, Revo hayupo. "Basi, Revo akiba," anasema Mwalimu. Ikawa mazoea. Mama alijua, na ilimuuma. Mara nyingi nilimsikia akimwambia, "Iache hiyo kamba, nenda kwa wenzako," na Revo akijibu, "Na mstari ukipinda?"

Mnajua akiba wa kijijini alivyokuwa? Jezi zilikuwa kumi na moja tu. Akiba hakuwa na jezi. Akikaribia kuingia, anasubiri anayetoka avue, ndipo avae ile ile, imelowa jasho la mwenzake, imemganda mgongoni. Revo aliingia dakika za mwisho za mechi chache, na siku zote akiwa na jasho la mtu mwingine. Alikuwa akitania, "Mama, siku nitakayovaa jezi kavu uniandalie jogoo."

Mama hakumwandalia jogoo. Alichukua gunia la kitambaa lililokuwa na unga, akalifua mpaka maandishi yakatoka, akalichemsha na magome mpaka likapata wekundu unaofanana na wa zile jezi nyingine, akashona kwa mkono. Jezi ya kumi na mbili. Shingo ilikaa upande kidogo. Alimwonyesha kaka, kaka akaikumbatia na kucheka mpaka akakaa chini. Ila Mwalimu alisema jezi zinavaliwa na wanaoanza, akiba akionekana na jezi mpya wengine watanuna. "Subiri zamu yako, Revo." Jezi ikakunjwa, ikawekwa kwenye kikapu.

Halafu vita vikaja.

Mimi nilikuwa darasa la pili, na vita sikuviona. Niliona malori barabarani na niliisikia redio ya Mwalimu, iliyowekwa dirishani mwa ofisi ili kijiji kizima kisikilize. Sasa sikilizeni maneno yenyewe, mniambie kama mtoto wa uwanjani angeyaelewa vingine. Redio ilisema jeshi la akiba linaitwa. Akiba! Nilimgeukia kaka nikamfinya mkono kwa furaha. Redio ilisema majeshi yetu yanashambulia. Ilisema ngome ya adui imetikiswa. Ilisema makombora. Lakini hayo si ndiyo maneno aliyotumia mtangazaji wa mpira kila Jumapili, kwenye redio hiyo hiyo, dirisha hilo hilo? Nduli niliyesikia anatajwa kila siku nilimchukulia kuwa golikipa wao, mtu mkubwa mwenye mikono mirefu. Watu walisema tutampiga, nami nikawa najiuliza mabao mangapi.

Mwenyekiti aliitisha mkutano. Vijana wa mgambo wajitolee, akasema, halafu akasoma majina. La kaka lilikuwemo. La Fidelisi, mfungaji wetu, lilikuwemo, na karibu timu nzima. Lori lililokuja kuwachukua lilikuwa kama lile lililotupeleka Rulenge kwenye mechi, na vijana walipanda wakiimba vile vile. Mama alifunga ndizi za kuchoma kwenye jani, kama alivyofunga kila timu iliposafiri. Akaitoa na jezi ya kumi na mbili kikapuni.

"Uende nayo?"

"Iweke, mama," kaka alisema. "Nitaivaa huku huku, ikiwa kavu."

Mwalimu Balthazari alikuwa amesimama pembeni, miwani mkononi. "Revo," akasema, na sauti haikuwa ile ya darasani. "Ukirudi unaanza. Namba kumi na moja ni yako. Nasema mbele ya mama yako."

Mama alimshika Mwalimu mkono kwa mikono miwili, akamshukuru, akamshukuru tena. Nilifikiri anashukuru kwa sababu ya namba.

Miezi iliyofuata tulikaa na ahadi hiyo kama watu wanaokaa na mgeni. Kila kitu kilihusu siku Revo atakapoanza. Mwenyekiti alitaka uwanja ulimwe mihogo, kwa kuwa wachezaji hawapo na chakula kinahitajika. Mama alikwenda kumwomba auache mpaka vijana warudi, naye akakubali kwa shingo upande, kwa masharti kwamba usiote majani. Basi kila Jumamosi tukaendelea. Tuliomba majivu, tukavuta kamba, sasa ncha ya kaka imefungwa kwenye mti. Mama alichora uwanja ambao hakuna aliyeucheza isipokuwa sisi watoto na mpira wa matambara.

Siku moja dereva wa lori alisimama kuomba maji ya rejeta. Mama alimuuliza kuhusu vijana wetu. "Wa huku?" dereva alisema. "Hao wako mstari wa mbele, mama. Mstari wa mbele kabisa."

Niliruka juu. Jamani, niliruka! Kaka yangu, aliyekuwa hapangwi hata pembeni, amewekwa mstari wa mbele, tena dhidi ya timu ya nchi nzima. Nilikimbia kijiji kizima nikitangaza. Bibi Agata aliniangalia, akafunika mdomo kwa upande wa kanga. Shuleni nilisimama nikawaambia darasa zima kuwa Revo sasa ni mshambuliaji, na wanafunzi wakapiga makofi. Mwalimu Balthazari hakunirekebisha. Aliniambia nikalete chaki ofisini, na chaki zilikuwa pale pale mezani kwake. Nyumbani nilimkuta mama anafua jezi zilizokuwa safi tayari.

"Hufurahi?" nilimuuliza.

"Nafurahi," alisema, akaendelea kufua.

Vita vikaisha. Redio ikapiga ngoma siku nzima, watu wakacheza barabarani, rubisi ikanywewa mpaka na wasiokunywa. Vijana wakaanza kurudi kidogo kidogo, lori hili wawili, lori lile mmoja. Kila lori mama alilipokea barabarani, na kila lori liliondoka. "Wanarudi kwa zamu," watu walimwambia. Mwalimu akapanga mechi ya kuwapokea, Jumamosi, na Rulenge waje. Mama alisikia kuwa siku hiyo hiyo asubuhi lori jingine litafika. Akaitoa jezi ya kumi na mbili, akaifua, akaianika peke yake kwenye kamba mbele ya nyumba. Ilikauka mapema, jua lilikuwa kali.

Asubuhi ile mama alikuwa anachora mstari wa pembeni, upande wa shule, na mimi alinituma nikalete maji. Nyuma ya goli nilimkuta Fidelisi amekaa chini peke yake anafunga kamba za viatu vyake vya jeshi. Alikuwa amerudi siku chache kabla, na nyumbani kwetu alikuwa hajakanyaga. Amekonda, shingo imekuwa ndefu.

"Shikamoo, kaka Fidelisi."

"Marahaba. Umekua, Vero."

"Kaka Revo anakuja na lori la leo?"

Akavuta kamba za kiatu, akazifungua, akaanza kuzifunga upya.

"Si alikuwa mstari wa mbele?" nikasema.

"Alikuwa."

"Wewe je?"

"Tulikuwa wote."

"Alifunga?"

Aliniangalia. Nimeufikiria uso ule maisha yangu yote. Nadhani ndipo alipoelewa mimi nazungumzia nini, na sijui kama alitaka kucheka au kukimbia. Kisha akafanya kitu ambacho siku zote nimemshukuru na siku zote nimemlaani kwacho. Alinijibu kwa lugha yangu.

"Alicheza vizuri," akasema. "Alicheza vizuri sana."

"Mpaka mwisho?"

"Hapana. Alitolewa."

"Aliumia?"

"Aliumia, mdogo wangu. Alitolewa kwa machela."

"Nani aliingia badala yake?"

Fidelisi alinyanyuka akajipangusa vumbi kwenye kaptula. "Hakuna aliyeingia," alisema, akaenda zake upande wa wachezaji.

Mimi nilichosikia ni kwamba kaka alicheza. Alianza! Alicheza vizuri sana, amesema mfungaji wa timu kwa mdomo wake. Kuumia watu wanaumia, Fidelisi mwenyewe aliwahi kutolewa kwa machela ya gunia na mechi iliyofuata akafunga. Niliiacha ndoo, nikakimbia kwa mama nikiita toka mbali.

"Mama! Kaka alianza! Fidelisi amesema alicheza vizuri sana!"

Mama aliinua uso, na kwa mara ya kwanza hakunikemea kwa kumsemesha akichora. "Amesema? Fidelisi amesema?"

"Ndiyo! Ila alitolewa. Aliumia akatolewa kwa machela."

Aliendelea kutikisa kopo bila kusogea. Majivu yalianguka mahali pamoja, yakafanya kichuguu kidogo mwisho wa mstari.

"Kwa machela," mama alisema.

"Eh. Na hakuna aliyeingia."

Aliliweka kopo chini polepole, akaliegemeza vizuri lisianguke. Akajifunga kanga upya. Kisha akaondoka kuelekea nyumbani, hakukimbia, wala hakugeuka nilipomwita. Mstari wa pembeni ukabaki haujafika kona.

Nilibaki uwanjani. Nilikuwa mtoto na nilitaka kuona mechi. Rulenge walifika na lori lao, lori la asubuhi halikuleta mtu, na mpira ukaanza. Haukupita muda ukaenda kule kwenye kona isiyo na mstari. Rulenge wakasema umetoka, wa kwetu wakasema umo ndani. Refa akaja akaangalia chini, akaona majivu yameishia kwenye kichuguu. Wakabishana, wakasukumana, askari wazima waliotoka vitani wanashikana mashati kwa kutojua uwanja unaishia wapi. Mwalimu Balthazari alikuwa akizunguka anauliza, "Mama Revo yuko wapi? Nani amemwona Mama Revo?" Nikaona nikamwite.

Nilikuta harufu ya kitambaa kinachoungua. Kamba ya kuanikia ilikuwa tupu. Mama alikuwa jikoni, amekaa chini, miguu ameinyoosha mbele, anatazama moto. Kipande cha mwisho cha ule wekundu kilikuwa bado kinajikunja kati ya mafiga.

"Jezi ya kaka!" nilipiga kelele. "Akirudi atavaa nini?"

"Harudi."

"Fidelisi hakusema hivyo!"

"Amesema katolewa." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya kuelekeza kazi. "Mimi nimekaa pembeni ya uwanja ule tangu unafyekwa, Vero. Sheria naijua. Aliyetolewa harudi."

Na hapo ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu sheria nami niliijua. Nikatafuta. Nikaipata.

"Kwenye mechi ya kirafiki anarudi," nikasema. "Mama, ya kirafiki anaruhusiwa. Mwalimu alisema. Labda ilikuwa ya kirafiki."

Mama alinivuta nikaanguka mapajani pake, akanikumbatia hata nikashindwa kupumua. "Haikuwa ya kirafiki, mwanangu," alisema. "Haikuwa ya kirafiki."

Wazee wa ukoo walikuja, na mwenyekiti naye akaja. Wakamwita Fidelisi. Alisimama mlangoni hakutaka kukaa, akaeleza kwamba Revo alipigwa upande wa pili wa mpaka, akabebwa kwa machela, akapakiwa kwenye lori la majeruhi, na baada ya hapo hakumwona.

"Kwa hiyo hukuona amekufa," mzee wa ukoo alisema.

"Sikuona."

"Basi hatuna msiba," mzee akasema, na nadhani alifikiri anatufariji. Mwenyekiti akaongeza kuwa mtu aliyekwenda kwa wito wa taifa atatangazwa na taifa, raia hatangazi vifo vya askari kwa maneno ya mitaani, na akamtazama mama kwa jicho kali. Tusubiri. Tuliuliza Biharamulo, tukaambiwa tusubiri. Mama alikwenda hadi Bukoba na ndizi zake za njiani, akaambiwa hivyo hivyo. Sikuwahi kusikia jibu jingine, na aliyelitoa nina hakika alishalisahau kabla mama hajafika kituo cha basi.

Basi hakukuwa na tanga. Hakuna aliyekuja kulala kwetu, hakuna misa, hakuna aliyenyoa. Mama aliacha tu kuzoa majivu. Siku ya nne au ya tano Bibi Agata aliingia jikoni kuomba kaa la moto, mdomo tayari umeanza maneno yake, "Hivi nyie mnapika nini mpaka…" Akayaona yalivyofura. Alikaa chini pale pale mlangoni, akajaza kanga mdomoni ili sauti isitoke, akalia mwili mzima unatikisika, bila mlio. Mama alimshika bega. Hao wawili ndio waombolezaji kaka yangu aliowapata, na mimi wa tatu.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu aliwatuma watoto wakaombe majivu. Bibi Agata akawaambia kwake hayapo. Nyumba ya pili hayapo. Nyumba ya tatu, na moshi unaonekana juu ya paa, hayapo. Kijiji kizima kilichokuwa kinapika mara mbili kwa siku hakikuwa na majivu, na hakuna mwanamke aliyesema ni kwa nini. Mwalimu alielewa. Hakutuma tena watoto. Mechi zikachezwa bila mistari, ugomvi ukazidi, Rulenge wakaacha kuja. Msimu wa mvua uliofuata mwenyekiti alilima mihogo yake, na ilistawi.

Mama alijenga mafiga mengine kwenye kona nyingine ya jiko. Yale ya zamani aliyafunika kwa chungu kilichopasuka na hakuyagusa mpaka anazeeka, mpaka anakufa, mwaka huu wakati wa mahindi mabichi. Tanga lake lilimalizwa vizuri, mzee akasema majivu yake yatolewe, yakatolewa. Halafu vijana waliokuwa wanabomoa jiko wakainua kile chungu. Nikawauliza wazee, na haya je? Tanga la Revo halikuanzwa, akasema mmoja, nani atalimaliza? Wakaondoka mmoja mmoja. Nikayachota kwa mikono, nikayajaza kwenye debe, nikapanda nalo basi, watu wakiniuliza kama ni unga.

Jana jioni binti alinisogelea, bado amenuna.

"Mama, kama si ya kusugulia, ni ya nini basi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. "Ya kuchorea uwanja," nikamwambia.

Akaangalia nje dirishani, kwenye ukuta wa jirani na magari yaliyoegeshwa.

"Uwanja upi, mama?"

Nikamwambia alifunike debe vizuri, arudi jikoni.